Chuma kilekile, mwili uleule

Msomaji mmoja wa Makorora, hapa Tanga, ameniandikia akilalamika. Tangu Ramadhani iliyopita anapiga tizi uani kwa rafiki yake, jioni nne kwa wiki, na mikono haijatanuka. Sasa anataka nimtajie poda ya kununua. Nikamuuliza chuma chake kina kilo ngapi. Jibu: “Sijui kaka, ni kile cha makopo mawili ya rangi.” Yaani bomba lenye kopo la zege kila ncha, kilekile cha siku ya kwanza.

Mdogo wangu, jibu umelitoa mwenyewe.

Msuli hauongezeki kwa sababu umetoka jasho. Unaongezeka pale unapodaiwa kazi ambayo haujaizoea, ukalishwa, ukapumzishwa, kisha ukadaiwa zaidi kidogo. Wiki za mwanzo kila mtu anaona nguvu zinapanda, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuziamrisha nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja. Nyama yenyewe huja nyuma. Wengi wanadanganywa na kipindi hicho: nguvu zikisimama wanadhani wamefika kikomo cha mwili, kumbe wamefika kikomo cha kopo.

Daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliandika habari hii mwaka 1945 baada ya kuwatibu askari waliojeruhiwa: mzigo upandishwe kadiri mgonjwa anavyopata nguvu. Baadaye utaratibu wake ukawa seti 3, yaani mizunguko mitatu yenye mapumziko katikati, kila mmoja wa kunyanyua mara 10, ya kwanza kwa nusu ya uzito unaouweza mara 10, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito wote. Hadi leo ni njia nzuri ya kuanza.

Lakini huwezi kupandisha usichokijua. Zege lina takriban kilo 2.4 kwa lita, kwa hiyo kopo la lita 4 lililojaa ni kama kilo 9 na nusu. Usiishie kwenye hesabu. Peleka chuma kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wana mizani, kipime kizima, kisha pima kila upande. Makopo yaliyomiminwa kwa macho hutofautiana kilo nzima au zaidi, na anayelipia ni mgongo, unaojipinda kila unapokibeba.

Kama unatengeneza kipya, chomelea vipande vya nondo kwa kukingama kwenye ncha za bomba kabla ya kumimina, la sivyo kopo litazunguka na mwishowe kuchomoka. Saruji moja, mchanga mbili, kokoto ndogo tatu. Kisha kiweke kivulini, kifunike kwa gunia bichi na kulimwagia maji siku 7. Zege linafikia nguvu yake iliyokusudiwa karibu siku ya 28. Vijana wanakianika juani kesho yake, keshokutwa wanakidondosha, halafu wanailaumu saruji.

Sasa kuongeza. Kutoka kopo la lita 4 kwenda ndoo ni kuruka ngazi tano, na hapo ndipo mabega yanaumia. Chukua chupa mbili za nusu lita, zijaze mchanga mkavu, zifunge moja kila upande kwa mpira wa tyubu. Umeongeza kama kilo moja na nusu kwa jumla. Maji pia yanafaa, lita moja ni kilo moja, lakini jaza hadi juu kabisa: dumu lenye nafasi linachezacheza na kukuvuta upande.

Chagua uzito unaouweza mara 8 kwa mkao sahihi, ukiacha akiba ya mara mbili hivi. Fanya seti 3. Kila siku ya zoezi jaribu kuongeza mnyanyuo mmoja kwenye seti mojawapo. Seti zote tatu zikifika 12, ongeza chupa, rudi kwenye 8, panda tena. Andika kwenye daftari: tarehe, kilo, mara. Ukikwama siku tatu za zoezi mfululizo, punguza uzito kwa asilimia 10 na uanze kupanda upya. Asiye na chuma apige pushapu akishuka kwa sekunde 3, kisha miguu juu ya benchi, kisha begi la mchanga mgongoni. Msuli hausomi kilo. Mara 6 au mara 25 zote zinajenga, mradi mwisho wa seti uwe mgumu kweli. Nguvu za kunyanyua kizito sana ndizo zinazohitaji mara chache na uzito mkubwa.

Kila msuli upate zoezi mara 2 kwa wiki, seti kama 10 kwa jumla. Pumzika dakika 2 hadi 3 kati ya seti. Mkiwa watatu kwenye chuma kimoja, zamu zenu zenyewe zinatosha kuwa saa. Mkiwa saba, hiyo ni maskani.

Na miguu! Kifua na mikono jioni zote nne, miguu ya njiti. Chuchumaa na uzito, nyanyua kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka, vuta chuma tumboni ukiwa umeinama, jivute kwenye nondo. Ukilala kusukuma kifua, viwiko visitanuke sawa na mabega, virudishe kama nyuzi 45 kutoka mbavuni. Toa pumzi unaposukuma, hasa mwenye presha.

Joto la Tanga nalo lihesabiwe. Hewa ikiwa na unyevu jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Piga alfajiri au baada ya alasiri. Ramadhani ipige baada ya futari, punguza seti lakini usipunguze uzito, na nguvu hazitapotea. Maumivu ya siku ya pili ni ya kawaida. Misuli ikivimba, ikauma kupita kiasi na mkojo ukawa wa rangi ya chai nzito, nenda hospitali siku hiyohiyo, figo ziko hatarini.

Kuhusu poda uliyoniuliza. Protini gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili zinatosha. Mwenye kilo 60 anahitaji kama 96 kwa siku: mayai matatu yana 18, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, glasi mbili za maziwa 16, kipande cha samaki cha gramu 150 zaidi ya 30, na wali, chapati na karanga vinamalizia. Poda ya protini ni chakula kilichokaushwa tu. Kreatini, poda nyingine wanayouziwa wapiga tizi, inasaidia kidogo, gramu 3 hadi 5 kwa siku, ila mkebe usio na maandishi ya kilichomo uache dukani. Na yule anayekunong’oneza habari za sindano za homoni za kiume mwambie hapana: homoni hizo zikiingia kutoka nje, korodani zinaacha kutengeneza za kwako na zinasinyaa, na mbegu za uzazi zinapungua, hata zinaweza kuisha.