Mwachieni mtoto afunge kitita mwenyewe

Kila Januari kaskazi ikivuma, madarasa ya kwanza hapa Tanga hupokea watoto wapya, na mara nyingi walimu wapya pamoja nao. Wadogo zangu, bidii mnayo, tena nyingi. Mnakuja na mifuko ya vizibo vya kuhesabia, kadi zilizopakwa rangi, vitita vya vijiti vilivyopangwa kwa unadhifu. Lakini ile kazi yenye mafunzo ndani yake imekwisha jana usiku nyumbani kwako, na aliyeifanya ni wewe. Mtoto ameachiwa kutazama tu. Haya ninayoyaandika tumeyasema mwaka jana na mwaka juzi, na bado nayaona yakirudiwa, kwa hiyo nayaweka hapa kirefu.

1. Maelekezo kwanza, zana baadaye. Kizibo kikishafika mkononi mwa mtoto wa miaka sita, sauti yako haipo tena. Eleza, onyesha mbele mara moja, mwite mtoto mmoja arudie ulichoonyesha, ndipo ugawe. Na vizibo visiwekwe juu ya dawati tupu: dawati lina mteremko, vinaporomoka, na kelele za watoto 80 hazivumiliki. Tandika kipande cha kanga kuukuu.

2. Makumi na mamoja. Hapa ndipo panaponiuma.

Zana ya kutumia ni chelewa, ule uti wa jani la mnazi. Ipo, ni nyepesi, haibiringiki. Kata vipande vya sentimita 12. Chelewa moja ndefu hutoa vitatu vizuri, ile ncha nyembamba itupe kwa sababu hukatika. Miisho yote isugue kwenye sakafu ya sementi mpaka iwe butu, maana kikundi kimoja tu kinachogombea vijiti kinaweza kumtoboa mtu jicho. Kwa kufungia usitumie uzi wala kamba ya katani, hata kama katani ndiyo mali ya mkoa wetu: mtoto wa darasa la kwanza hajui kufunga fundo, na kipindi cha dakika 30 kitaishia kwenye mafundo. Nenda kwa fundi baiskeli umwombe tyubu iliyochakaa, uikate pete za upana wa sentimita moja. Pete ikizungushwa mara mbili hushika vijiti kumi barabara.

Sasa kosa lenyewe. Mwalimu anafunga vitita 40 nyumbani, anavigawa, anatangaza: "Hiki ni kumi." Watoto wanaitikia kwa sauti moja, "Kumi!" Anafurahi, anaandika kwenye andalio la somo kuwa umahiri umefikiwa. Kisha anaweka mezani vitita viwili na vijiti vitatu, anauliza ni ngapi, mtoto anajibu, "Tano." Mwalimu anakasirika. Kwa nini? Mezani kuna vitu vitano kweli. Huyo mtoto hajawahi kuona kumi ikigeuka kuwa moja. Alipewa kijiti kinene na jina lake.

Kumi inaingia kichwani wakati wa kufunga. Kwa hiyo wapange wawili wawili, kila jozi vijiti 30 na pete tatu. Juu ya kanga chora mstari katikati kwa markapeni. Vijiti vyote vinaanzia kushoto, na kila namba inayotajwa, kijiti kimoja kinavuka kwenda kulia. Usiruhusu kuhesabu kwa kunyoosha kidole peke yake, kwa kuwa mdomo hukimbia kuliko kidole, ndiyo maana vijiti tisa vinakuwa kumi na moja. Kijiti kikivuka, hakihesabiwi tena. Vikifika kumi, wanasimama, wanavisha pete, wanakiweka kitita pembeni, wanaanza tena moja.

Kutakuwa na vitita vya tisa na vya kumi na moja. Usivirekebishe kimyakimya unapopita. Jozi zibadilishane, kila mmoja afungue kitita cha jirani akikague. Mtoto anayegundua kwamba cha mwenzake kimepungua moja amejifunza zaidi ya yule uliyemsahihishia mara tano.

Kipindi kizima kitaisha kwa kufunga na kufungua. Najua unaogopa kuchelewa kwenye azimio la kazi, ule mpango wa mada za muhula. Kiache kiishe. Na kesho vifungwe upya, usivihifadhi vikiwa vimefungwa ili uokoe muda. Mtoto aliyefungua kitita kwa mkono wake ili atoe vijiti vitano kwenye 23 hatapata taabu siku atakapokutana na kukopa kwenye kutoa.

Baada ya vijiti ndipo tarakimu. Ukisema "kumi na tatu", wengi wataandika 103, na usiwaite wazembe. Wameandika walichosikia, 10 halafu 3. Tengeneza kadi za kupandikiza: kadi ya 10 upana sentimita 8, kadi za 1 hadi 9 upana sentimita 4, urefu sawa. Mtoto anaweka kadi ya 3 juu ya ile sifuri, inasomeka 13, anaiinua, anaiona sifuri bado ipo chini. Kwa ishirini, thelathini na kuendelea, jina lenyewe halimwambii kuna makumi mangapi, basi kwa wiki za mwanzo atamke yote mawili: "makumi matatu na mbili, thelathini na mbili."

3. Kadi za herufi: piga mstari chini ya kila herufi. Bila mstari, u ikigeuzwa inakuwa n, m inakuwa w, d inakuwa p, na mtoto anasoma sawasawa alichokishika huku wewe ukimkatalia. Zibandike selotepu pande zote mbili kwa sababu ya unyevu wa bahari. Gundi ya uji wa unga achana nayo, mende wataila.

4. Kunde, mbaazi na punje za mahindi zisiwe vihesabio. Zinaingia puani na masikioni, na utamaliza siku zahanati. Komwe za bao ni kubwa na hazivunjiki. Makombe ya pwani chagua yasiyo na ncha kali.

5. Kupima ujazo kufanyike nje, chini ya mti. Ukitumia mchanga wa ufukweni, uanike kwanza, la sivyo unakwama kwenye shingo ya chupa. Chupa ya nusu lita mara tatu kwenye ya lita moja na nusu, lakini chora mistari ya ujazo kwenye chupa zote mbili. Chupa ikijazwa mpaka mdomoni hubeba zaidi ya kilichoandikwa, hesabu haitoki, na watoto wanaondoka wakiamini kwamba kupima ni kubahatisha.

6. Kukusanya zana nako ni kuhesabu. Usipite na boksi ukizoa. Dakika tano kabla ya kengele, kila jozi ihesabu vijiti vyake kurudi kwenye kopo, kwa kuvusha mstari uleule, na itaje idadi kwa sauti. Kopo likiwa na 29, watafute chini ya dawati mpaka cha thelathini kipatikane.