Maswali yenu: Bwawa halijapasuka, mbona nyumba zimezama?

Safari hii nimechagua maswali matatu, yote ya mabwawa ya kuzuia mafuriko mjini. Mawili yametoka Houston, Texas, ambako ndugu zetu ni wengi siku hizi, na moja la hapa hapa Dar.

Shikamoo mhandisi. Mimi na mume wangu tunaishi Houston upande wa Katy, tumepata nyumba nzuri na bei wameshusha, ipo jirani na George Bush Park. Dalali anasema ile park ndio ndani ya bwawa la Barker ila halinaga maji, na sisi tupo nyuma ya tuta sio mbele yake kwahiyo hata likipasuka halituhusu. Jamaa mmoja wa kanisani kwetu anasema tusithubutu, 2017 mtaa ule ule watu walitolewa kwa boti. Tumsikilize nani? – Mama wa watatu, Katy

Marahaba mama. Wote wawili wamesema kweli, ila dalali kakwambia ile nusu ya kuuzia nyumba. Bwawa likipasuka maji yataelekea mjini, sawa, kwenu hayaji. Lakini nyinyi mlio nyuma ya tuta hamzamishwi na bwawa lililopasuka, mnazamishwa na bwawa linalofanya kazi yake vizuri kabisa.

Ngoja nieleze. Houston ilipigwa na mafuriko mabaya 1929, ikapigwa tena 1935, maji mpaka katikati ya mji, ndio serikali ikaamua maji yazuiwe huko juu kabla hayajaingia mjini na mto wa Buffalo Bayou. Kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kikajenga mabwawa mawili upande wa magharibi, wakati huo ni mbuga na mashamba ya mpunga tu, Barker likakamilika 1945 na Addicks 1948. Usitegemee kuona ukuta wa zege kama lile la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, haya ni matuta ya udongo yameota majani, refu ajabu, la Addicks karibu kilomita 19 na la Barker karibu 22, unaweza kupita na gari lako kila siku usijue kwamba umekatiza bwawa. Siku za kawaida ndani ni pakavu, mageti yako wazi kijito kinapita zake, watu wanacheza mpira wanaendesha baiskeli. Mvua kubwa ikija mageti yanafungwa, maji yanajikusanya nyuma ya tuta, mvua ikikata na mto ukishuka wanayaachia kidogokidogo. Ni beseni ambalo kazi yake ni kuwa tupu, siku ukilikuta limejaa kabla ya mvua basi halina faida tena.

Sasa hapa ndio penye nyumba yenu. Serikali ilipochukua ardhi ya kukalia maji haikuchukua yote ambayo maji yanaweza kufika. Upande wa Barker ardhi yake inaishia kwenye mwinuko wa futi 95 hivi kutoka usawa wa bahari, wakati tuta lenyewe linaweza kushika maji juu zaidi ya hapo. Ile tofauti ikabaki mikononi mwa watu binafsi, miaka ikaenda, wajenzi wa mitaa wakaja wakapima viwanja, wakauza. Kaunti ya Fort Bend ilianza kuweka maandishi kwenye ramani za viwanja tangu miaka ya 1990, kwamba mtaa huu umepakana na bwawa la Barker na unaweza kufunikwa na maji kwa muda mrefu chini ya usimamizi wa wahandisi wa jeshi. Yameandikwa, ila niambie nani anasoma maandishi ya chini ya ramani akiwa ameshalipenda jiko.

Agosti 2017 kikaja kimbunga Harvey, mvua siku nne mfululizo, maji ya Barker yakapanda hadi futi 101.6. Piga hesabu: kama sakafu ya nyumba yenu ipo futi 98, siku ile sebuleni mngekuwa na maji futi tatu na nusu, yaani mtu mzima yanamfika kiunoni, na sio maji ya kupita, yale yalikaa siku nyingi mpaka ukuta unaoza. Canyon Gate na mitaa mingine ya huko ndio hizo boti anazosema jamaa yenu. Na tuta halikupasuka hata kidogo.

Kwahiyo kabla ya kusaini chochote, ulizeni cheti cha mwinuko wa sakafu, sio cha kiwanja, sakafu, kisha mlinganishe na hizo namba mbili, 95 na 101.6. Alafu muombeni muuzaji ile fomu ya kueleza hali ya nyumba. Tangu Septemba 2019 sheria ya Texas inamtaka aseme kama nyumba ipo eneo ambalo maji ya bwawa yanajaa na kama imewahi kuingiwa na maji, hata kama ni maji ya bwawa lililofunguliwa kwa makusudi. Akianza kuzunguka zunguka mshajua. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, ya mafuriko mnakata peke yake, na ile ya serikali kuu kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30, mwisho wake dola 250,000 za jengo na 100,000 za vitu vya ndani, kwahiyo msisubiri kuona wingu. Mtu asiwadanganye pia kwamba mkizama mtalipwa kwa vile mahakama iliamua Desemba 2019 kuwa serikali inawajibika kwa waliozama nyuma ya mabwawa, ni kweli iliamua hivyo, ila hiyo ni kesi ya maji ya 2017, nyinyi mnanunua leo huku mnajua.

Mimi sakafu ikiwa chini ya futi 102 nisingenunua hata wakishusha bei tena.

Kaka, mimi 2017 nilikuwa mbele ya bwawa, nimepanga karibu na mtaa wa Memorial. Tulikuwa tumevumilia mvua yote nyumba kavu, usiku wakafungua mageti tukazama. Si makusudi yale? – Aliyepoteza kila kitu

Pole sana ndugu. Makusudi ndiyo, na wala hawakuficha. Usiku wa kuamkia Agosti 28 walianza kufungua, na baadae mabwawa yote mawili kwa pamoja yakawa yanatoa karibu futi za ujazo 13,000 kwa sekunde, wakati kiwango ambacho mto ule unabeba bila kuingia majumbani ni kama 2,000. Hesabu yenyewe inakwambia nini kitatokea.

Kwanini wakafanya hivyo, manake kufunga kulikuwa hakuzuii tena. Maji ya Addicks yalikuwa yanaelekea kwenye ncha ya kaskazini ya tuta, pale ardhi ipo futi 108 na hakuna geti wala mtu wa kulifunga, yakifika hapo yanazunguka tuta na kwenda yanakotaka. Na yalifika, yakapanda mpaka futi 109.1, mara ya kwanza tangu bwawa lijengwe. Wasingefungua, walio nyuma wangezama zaidi, yanayozunguka yangekuwa mengi zaidi, na lile tuta lingeachwa na mzigo mkubwa kwa muda mrefu zaidi. Tuta lenyewe halikuwa na sifa nzuri, miaka kama minane kabla ya Harvey yote mawili yalishawekwa kwenye daraja la hatari kubwa kabisa. Watu wanaelewa hiyo kama yanaanguka kesho, hapana, daraja linapima ubovu pamoja na idadi ya watu walio chini yake, na chini pale kuna Houston. Ubovu wenyewe ulikuwa kwenye mapaipu ya kutolea maji. Maji yakipata upenyo kati ya paipu na udongo yanatoka na chembe za udongo, leo kidogo kesho kidogo, nje unaona majani mabichi tu kumbe ndani kunatengenezwa tundu. Sasa hivi mapaipu na mageti mapya yameshajengwa na yale ya zamani yamefungwa kwa zege.

Lawama yangu mimi haipo kwa aliyezungusha geti usiku ule. Mpango wa mwanzo ulikuwa na tuta lingine upande wa kijito cha Cypress Creek, halikujengwa, na maji ya huko yakizidi yanamwagikia Addicks. Na huku chini wakaruhusu watu wajenge mpaka ukingoni mwa mto. Kesi yenu nyinyi wa mbele ilitupwa 2020, mahakama ya rufaa ikairudisha 2022, kwahiyo nenda kwa wakili na karatasi zako zote, umuulize kama bado muda unakuruhusu.

Mhandisi unatupigia stori za Marekani, sisi wa Kigogo kila masika tunahamisha magodoro. Kwanini mto Msimbazi usijengewe bwawa la hivyo? Au tutakufa kama wale wa Libya? – Mkazi wa bondeni

Haha, umenishika. Tuanze na Libya. Mji wa Derna ulikuwa na mabwawa mawili juu yake, Abu Mansour na Al-Bilad, yalijengwa miaka ya 1970 kwa kazi hii hii ya kuzuia mafuriko. Mwaka 2022 mtaalamu wa chuo kikuu cha Omar Al-Mukhtar aliandika kabisa kwamba hali ni mbaya na matengenezo yanahitajika. Usiku wa kuamkia Septemba 11, 2023, mvua ya kimbunga Daniel ikajaza la juu, likavunjika, maji yake yakaenda kulivunja la chini ambalo lipo mlangoni mwa mji, na watu maelfu wamelala. Bwawa la juu ya mji ukilijenga umejifunga kulihudumia maisha yako yote, fundi wa kukagua, fungu la pesa kila mwaka na king'ora cha kuwaamsha watu. Ukishindwa hayo bora usingelijenga.

Msimbazi sasa. Kwanza nafasi, tuta la kilomita kadhaa uliweke wapi kati ya Pugu na Vingunguti bila kuhamisha watu wengi kuliko hao unaowaokoa. Pili mchanga. Msimbazi ukishuka unakuja na mchanga na takataka nyingi mno, ukipita Jangwani baada ya mvua unaona wenyewe ulivyobaki kwenye lami, bwawa lingejaa mchanga likakosa pa kuweka maji, na kulichimba kila mwaka ni pesa. Ndio maana mradi wa bonde unaofadhiliwa na Benki ya Dunia umekwenda njia nyingine: kupanua na kuchimba mto huku chini, daraja jipya la Jangwani la kwenda juu, kuwatoa watu bondeni kwa fidia. Nyumba yako kama imewekewa alama, usiuze kiholela kwa anayekwambia atakufuatilia fidia, nenda mwenyewe ofisi ya mtaa na hati zako ukaangalie jina lako kwenye orodha.