Nilimkopesha kwa mdomo, sasa anasema ulikuwa mtaji

Swali: Mwaka 2023 nilimkopesha rafiki yangu shilingi 2,300,000. Laki nane nilimpa mkononi, 1,500,000 nikamtumia kwa simu. Hatukuandikiana, aliahidi kurudisha baada ya mavuno. Alilipa 300,000 akanyamaza. Sasa anasema ulikuwa mtaji wangu kwenye biashara yake iliyokufa. Mahakama itanisikiliza bila karatasi?
*Msomaji, Mbeya*

Jibu: Itakusikiliza. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba (Sura 345) hakidai maandishi, isipokuwa pale sheria nyingine inapoyataka, na mkopo wa kawaida wa marafiki haumo humo. Mkataba mnao. Kazi ni kuuthibitisha, na mzigo huo ni wako wewe unayedai.

Mdaiwa mjanja hakatai kupokea pesa, kwa kuwa muamala upo. Anaibadilisha jina tu: zawadi, mtaji, au "alikuwa ananilipa deni langu". Taarifa ya miamala inaonyesha pesa ilikohamia, haisemi ilihama kwa nini. Laki nane za mkononi ni ngumu zaidi: utahitaji mtu aliyekuwepo akaona. Uliyemsimulia baadaye hatakufikisha mbali.

Karata yako nzuri ni ile 300,000. Biashara ikifa, mtaji hufa nayo. Kwa nini basi alianza kurudisha? Tena malipo hayo yanaanzisha upya ukomo wa miaka 6 wa kufungua madai ya mkataba, kuanzia siku alipolipa. Tafuta ushahidi wake.

Kabla hamjagombana zaidi, mtumie ujumbe wenye hesabu: "Kati ya 2,300,000 nilizokukopesha 2023 umelipa 300,000, bado 2,000,000. Utamalizia lini?" Akijibu "nivumilie mwezi ujao", amekiri deni. Usiufute, na simu yenyewe itunze. Picha ya skrini peke yake hupingwa kirahisi. Usimtishe ili asaini chochote, maana makubaliano yasiyo ya hiari anaweza kuyatengua.

Kisha mpelekee barua ya madai, mpe siku 14 (ni mazoea tu), nakala yako aisaini au ipokelewe mbele ya shahidi. Akikaidi, nenda mahakama ya mwanzo ya eneo anakoishi. Madai ya mkataba yasiyozidi milioni 30 husikilizwa huko. Polisi si wakusanya madeni. Kushindwa kulipa si jinai, labda kama alikudanganya tangu mwanzo ili akutoe pesa.

Swali: Karatasi ya mkopo bila wakili wala mhuri wa serikali ya mtaa ina nguvu?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Inayo. Mwenyekiti wa mtaa akisaini anakuwa shahidi, basi. Andikeni neno "mkopo", majina kamili, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kurudisha, na wote wawili msaini. Pesa ikipita kwenye simu, angalia laini imesajiliwa kwa jina la nani: ukituma kwenye laini ya shemeji yake, taarifa ya miamala itamtaja shemeji.