Mkuu, usiandike --prefix=/usr, nakuomba

Toa kidole kwenye Enter kwanza. Umeuliza namna ya kujijengea OpenSSL 3 (laibrari ya kusimba mawasiliano) kwenye Ubuntu 20.04, Windows na Mac, halafu ukabandika komandi ulizopewa: `./Configure --prefix=/usr` (yaani isakinishwe kwenye `/usr`, folda ya mfumo wenyewe), kisha `rm` ya kufuta mafaili ya zamani ya OpenSSL, libssl na libcrypto, "yasigongane". Hizo komandi tunajuana. Zilinikesha 2022.

Seva ilikuwa ya kukodi, ndani yake mfumo wa stoo wa mteja wa Kariakoo. Ubuntu 20.04 inakuja na OpenSSL 1.1.1, mimi nataka 3. Nikafuata video ya jamaa mmoja mwenye sauti ya upole kama anabembeleza mtoto: "futa za zamani, mpya zitachukua nafasi."

Hazichukui! ssh ya mfumo, ile ya kuingilia seva kwa mbali, inatafuta faili lenye jina `libcrypto.so.1.1`. Toleo la 3 linaleta `libcrypto.so.3`. Ni sawa na kubomoa nyumba namba 11, ukajenga namba 3 mtaa wa pili, halafu ukategemea bodaboda anuse mwenyewe. curl ya kupakua vitu mtandaoni ikagoma, Python ikagoma kila ikigusa ssl. Nikajifanya fundi, nikaunga linki ya jina la zamani kwenda faili jipya. Jibu: ``version `OPENSSL_1_1_0' not found``. Jina lilipita, sura ikakataliwa.

Sasa sikia ujinga wenyewe. Hadi hapo nilikuwa bado nimo ndani ya seva. apt ya 20.04, kisakinishi cha programu cha Ubuntu, inatumia GnuTLS, laibrari nyingine ya kazi hiyo hiyo, haiitegemei OpenSSL, kwa hiyo `sudo apt install --reinstall libssl1.1` ingenitoa kwa dakika moja. Mimi nikafunga dirisha "niingie upya vizuri". Sikuingia. Kila muunganisho mpya sshd (ssh ya upande wa seva) inaanza upya, inakosa libcrypto, inakufa. Saa tisa usiku niko kwenye hali ya uokoaji ya mwenye seva, nimepachika diski kwenye `/mnt`, nafungua kifurushi cha libssl1.1 kwa `dpkg-deb -x` juu yake huku mikono inatetemeka. Saa moja asubuhi mteja anapiga simu: "Kijana, mbona stoo haifunguki?" Nikamwambia ni mtandao. Mungu anisamehe, na yule wa video naye atafute wa kumsamehe, maana kwenye maoni watu walikuwa wanalia na yeye anajibu kwa alama ya dole gumba.

Laibrari uliyojijengea mwenyewe inakaa kwenye folda yake. `/usr` ni ya apt, wewe ni mgeni pale:

`./Configure --prefix=/opt/openssl3 --openssldir=/opt/openssl3/ssl --libdir=lib -Wl,-rpath,/opt/openssl3/lib`

Kisha `make`, `make test`, `sudo make install`. Hiyo rpath ndiyo inayoiambia programu ya openssl laibrari zake ziko wapi. Na programu yako nayo ukiijenga iwekee hiyo hiyo, halafu hakikisha kwa `ldd` inachukua laibrari ipi. Ya zamani iache ilale zake.

Mac wazo ni hilo hilo: hata Homebrew, kisakinishi cha programu za Mac, inaiweka openssl@3 kwenye folda zake yenyewe, haigusi za mfumo. Windows unahitaji Perl na NASM (kigeuzi cha lugha ya Assembly), halafu... Windows uliuliza nini vile? Nitarudi.

Ila kama hiyo `rm` ulishaipiga, USIFUNGE DIRISHA. Andika hapa sasa hivi.