Niligawa mtaji nikidhani natoa sadaka

Juma lililopita kijana mmoja anayetengeneza sabuni ya maji huko Korogwe aliniandikia: "Shikamoo dada. Nataka nigawe madumu 20 katika shule ya jirani ili biashara ijulikane. Nianze lini?" Nilimjibu kwamba asianze kwanza, naye akataka sababu, kama ilivyo haki yake. Sababu yenyewe ni ndefu, na sehemu yake ni aibu yangu mwenyewe.

Nilianza kushona taulo za kike za kufua mwaka 2020, kwa cherehani ya kukanyaga niliyorithi kwa shangazi, katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga Ngamiani, Tanga. Ukiishika mkononi utaona ni kitu kidogo: flana laini juu, pamba ya kunyonya katikati, kitambaa kisichopitisha maji chini, na mabawa mawili yenye vifungo vya kubana. Kazi iko kwenye mshono, kwa kuwa sindano ikipita mahali pasipostahili, tundu hilo dogo ndilo litakalomwaibisha mtoto wa watu mbele ya darasa. Nilifumua nyingi kabla ya kuthubutu kuuza, na hadi leo sijaona hapa mjini fundi anayekunja pembe yake kunishinda. Mniwie radhi kwa kujisifu, lakini hilo nimelihangaikia.

Mwaka uliofuata kikundi chetu kilipata mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Hauna riba, na labda ndiyo maana nilisahau upesi kwamba ni deni. Taasisi moja ikanifuata, ikaniomba nitoe paketi 200 kwa shule ya sekondari wilayani Muheza, kwa ahadi kwamba itanirudishia nusu ya gharama. Paketi moja ilinigharimu shilingi 4,500, kwa hiyo nilichopakia kwenye gari asubuhi ile kilikuwa shilingi 900,000 za kikundi. Palikuwa na bango, hotuba tatu na picha ambayo baadaye niliikuta katika taarifa yao bila jina langu. Ile nusu sijaiona hadi leo, na sitadai kwamba nimesamehe.

Hata hivyo, kilichonikosesha usingizi ni msichana wa kidato cha pili aliyeipokea paketi yake kwa mikono miwili, akaigeuza, akauliza: "Dada, zikichakaa mtaleta nyingine?" Nikasema ndiyo. Zikachakaa. Mwalimu wa malezi alinipigia simu mara mbili, na mara ya pili sikupokea, kwani sikuwa na fedha ya jora moja la flana, na marejesho yalikuwa yamelala miezi mitatu.

Basi, mdogo wangu wa sabuni, usitoe mtaji. Unachotoa kiwe kimo ndani ya bei tangu siku unapoipanga. Mimi sasa nauza paketi shilingi 7,000, na 500 kati ya hizo huingia katika laini ya simu ambayo haigusi kodi wala chakula. Zikiuzwa 9, moja ni ya msichana. Nia njema isiyo na hesabu humezwa njiani. Julai 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka uliofuata ikairudisha ikieleza kwamba bei madukani haikushuka. Kama hilo liliishinda bajeti ya nchi, wewe na madumu yako 20 mtapona vipi? Narudia: usitoe mtaji.

Tena nenda ukaulize kabla ya kupeleka. Niliporudi Muheza kuomba radhi ndipo nilipoambiwa kwamba wasichana walikuwa wakizianika chini ya magodoro, kwa sababu kamba ya nguo ilitazamana na bweni la wavulana, na taulo isiyopigwa na jua hubaki na unyevu na harufu. Hakuna mshono wangu ambao ungetibu hilo. Kilichohitajika ni uzio wa makuti kuzunguka kamba, nao uligharimu chini ya paketi 30. Vijana tunapenda kuambiwa tuwe wabunifu, lakini wengi wetu tunabuni tukiwa tumekaa vyumbani mwetu.

Ijumaa iliyopita tulipeleka paketi 40 katika shule ileile, maana yake 360 zimeuzwa. Hapakuwa na bango. Yule msichana alikwisha kumaliza kidato cha nne. Mwalimu wa malezi alizihesabu mbilimbili juu ya meza, akatia saini kwenye daftari langu, kisha akaniuliza tarehe ya kurudi, nami nikamwandikia.