Zing'oe, ila si kwenye toleo dogo

Mkuu, umesema menyu na vitufe vya zamani kwenye maktaba yako ya kutengenezea madirisha ya programu vinakuchosha kuvitunza, na unauliza uving'oe au uviache. Mimi ningeving'oa, lakini kwenye toleo kubwa tu, yaani lile ambalo namba ya kwanza inabadilika, kama kutoka 3 kwenda 4.

Angalia GTK, nayo ni maktaba ya kutengenezea madirisha ya programu. Vitufe na aikoni zao za "stock", yaani zilizokuja tayari na maktaba, walitangaza kwenye GTK 3.10, mwaka 2013, kwamba visitumike tena. Programu za watu ziliendelea kujengeka, kompaila ikitoa onyo tu. Vikaja kuondolewa kabisa kwenye GTK 4, iliyotoka Desemba 2020. Hapo hapo ikaondoka gtk_dialog_run, fanksheni ya kuonyesha kidirisha na kusubiri jibu, na hiyo ndiyo iliyosumbua kweli: programu ilikuwa inasimama kwenye mstari huo kusubiri mtumiaji abonyeze kitufe. Kuiacha si kubadilisha jina la fanksheni, ni kupanga upya mtiririko wa kodi. Kwako pia, vitu vya namna hiyo vipe muda mrefu kuliko vingine.

Qt, maktaba nyingine ya namna hiyo, walikuwa waungwana zaidi: QRegExp, klasi yao ya zamani ya kutafuta maandishi kwa ruwaza, waliihamishia kwenye moduli ya pembeni, Qt5Compat, anayeihitaji aiunganishe mwenyewe. Kama una nguvu ya kuitunza moduli kama hiyo, fanya hivyo.

Anza na onyo linalotaja fanksheni ya kutumia badala yake. Na menyu ya zamani usiiguse kabla mpya haijafanya kazi vizuri kwa kibodi na kwa programu zinazowasomea wasioona. Hilo watu husahau sana.