Lenzi za zamani kwenye Leica ya dijitali

Umeuliza kama lenzi za enzi za filamu zitafaa kwenye kamera ya dijitali ya Leica M9. Zinafaa, tena sana! Sehemu ya kufungia lenzi kwenye kamera za Leica za familia ya M ni ileile tangu 1954. Lenzi za kufunga kwa skrubu yenye kipenyo cha milimita 39 zinataka adapta tu. Lenzi pana (zinazochukua eneo kubwa) za muundo wa kale, mfano za urefu wa fokasi wa milimita 21, ndizo za kuangalia: kioo cha nyuma kinakaribia mno sensa (kipande kinachonasa picha), mwanga unafika pembeni kwa mshazari, na kingo za picha zinaweza kuingia rangi ya zambarau. Lenzi ya milimita 50 haina shida hiyo, anza nayo. Kabla ya kununua, mulika tochi ndani ya lenzi. Ukiona utando kama ukungu wa pumzi kwenye kioo cha dirisha, iache.